Ordinatere ya koperative ikigonjwa: tuitengeneze ao tuigeuze sistemu?



Toka tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena matengenezo ya usalama ya kawaida. Windows 7 yenyewe iliachwa kitambo, tarehe 14 Januari 2020. Ordinatere tunazozikuta katika biro za koperative, hapa Nyangezi na hata tukishuka kuelekea Kamanyola, mara nyingi ziko na moja ya hizo mbili. Njo maana swali linarudi kila tunapopita: mashini inasumbua, je, tuitengeneze sawa ilivyo, ao tuweke sistemu mpya?

Sistemu ni ile programu kubwa inayoamsha mashini na kuamuru zingine zote. Bila hiyo, Excel haifunguki na karatasi haitoki. Lakini hesabu zenu si sistemu. Ziko pembeni yake, kwenye disiki moja. Mukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Tuchukue mfano. Koperative ya kahawa, mwezi wa tano, magunia yanaingia. Ordinatere inawaka, inaonyesha alama ya Windows, kisha inazimika yenyewe. Ndani mna orodha ya wanamemba, hisa za kila mmoja na kilo alizoleta toka msimu uanze. Malipo ni kisha wiki mbili. Fundi wa Bukavu anasema kwa simu: «Muilete, nitaiformata, ni saa moja tu.» Papa Prezida anataka kuituma na moto wa asubuhi. Mama Kesiye anauliza: «Na majina ya watu, Papa?»

Mama Kesiye ana haki. Kuformata ni kufyeka shamba lote, magugu pamoja na maharagi. Fundi hakudanganya: mashini itawaka kweli, ila itawaka tupu. Kwa hiyo neno la kwanza kwa fundi si «tengeneza», ni «toa kwanza vitabu vyetu». Inawezekana hata kama Windows imekataa kuamka. Fundi anaweza kuamsha mashini kwa sistemu ya Linux iliyo kwenye flashi, halafu akakopia mafaili bila kugusa kitu. Ao anafungua mashini, anatoa disiki, anaiunga na ordinatere nyingine. Kopi ziwe mbili: moja ibaki na kesiye, nyingine ikae nyumba ingine. Na kabla ya kuachilia mashini, muzifungue hizo kopi kwa macho yenu. Tazameni jina la mwanamemba wa mwisho na kilo za siku ya mwisho. Kopi isiyofunguliwa haijawa kopi.

Kumbukeni pia kwamba orodha hiyo si ya kujipendezea. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya koperative inataka rejista ya wanamemba na hesabu zinazosomeka. Ikipotea, mwanamemba aliyeleta magunia saba atalipwaje? Kwa maneno ya mdomo? Hapo ugomvi umezaliwa. Kaye ya depo iendelee kuandikwa kwa stilo, hata siku mashini iko mzima.

Sasa, ugonjwa uko wapi? Muhogo ukishikwa na mozaiki, munang'oa na kupanda vipande visafi. Lakini kama udongo ndio umechoka, vipande vipya navyo vitadhoofu. Ni vile vile hapa. Disiki inayopiga kelele ya tak-tak, ao inayochukua dakika nyingi kufungua faili dogo, ni udongo uliochoka: kuweka Windows mpya juu yake ni kupoteza franga. Gusa chini ya mashini. Kama inachoma kabisa na inazimika katikati ya kazi, pengine ni vumbi limeziba feni. Na tarehe ikirudi nyuma kila mukiwasha, tazameni ile batri ndogo ya duara kama kipande cha franga, iliyo ndani. Hiyo inauzwa bei kidogo, lakini ikiisha, karatasi za kupokea kahawa zinaandikwa mwaka wa uongo, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka. Watu wanabadilisha sistemu nzima ju ya batri ile!

Kama mashini iliharibika siku umeme ulikatika ghafula, ao disiki imejaa picha na video za harusi, matengenezo yanatosha. Windows iko na njia yake ya kujirekebisha wakati wa kuamka, na ya kurudi kwa hali ya siku za nyuma kama njia hiyo ilikuwa imewashwa. Muijaribu hiyo mbele ya yote, mafaili yakiisha kutolewa.

Virusi navyo vinataka maneno yake. Munajua mnyauko wa ndizi: panga likikata shina gonjwa, kisha likapita kwa shina zima bila kupitishwa motoni, limebeba ugonjwa. Flashi njo panga hilo. Inatoka kwenye nyumba za kupigisha karatasi mjini, inaingia katika biro, na kesho mafolda yote yamegeuka vifupisho visivyofunguka. Mara nyingi mafaili yangali pale, yamefichwa tu, musiyafute. Mukisafisha mashini bila kusafisha flashi zote za komite, kisha siku tatu munarudi pale pale.

Tuje kwa kugeuza. Windows 11 inataka memori ya GB 4 kwa uchache, disiki ya GB 64, chombo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa kawaida prosesa za toka karibu mwaka 2018. Mashini ya zamani fundi anaweza kuilazimisha, lakini sisi hatushauri: ikigoma tena, mutamuita nani? Windows 10 haikufa. Anayejiandikisha anaweza kupata matengenezo ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Na kama ordinatere yenu ni ya Excel tu, haiingii intaneti kamwe, inaweza kuendelea, mradi flashi ziwe safi. Ile inayopokea barua za wanunuzi na kufungua benki, hapana, hiyo isibaki na sistemu iliyoachwa.

Kuna njia ya tatu, na kwa mashini yenye GB 2 ao 4 njo tunayoipendelea: Linux Mint ya aina ya Xfce. Ni ya bure, na LibreOffice iliyo ndani yake inafungua mafaili ya Excel. Uzuri ni kwamba munaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kugusa disiki. Sekretere akae nayo asubuhi nzima, afungue orodha, atoe karatasi moja. Kama munatumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, ao mashini ya kutoa karatasi inakataa, muache.

Windows ya kukopia bila lisansi, ile fundi anaitoa mfukoni, haiko ya bure. Mara nyingi inaingia na virusi vyake.

Katika mfano wetu, komite inafanya nini? Mafaili yanatolewa leo. Malipo yanaandaliwa kwenye mashini ya kuazima, yakilinganishwa na kaye. Kazi ya sistemu inangoja magunia yapungue, sababu kugeuza katikati ya msimu ni kubadilisha mizani wakati watu wako kwenye mstari. Mupakue sistemu mjini kwenye intaneti ya kutosha, ni GB nyingi, mega za simu zitaisha bure. Fundi aandike kwenye karatasi kazi atakayofanya na bei, na nywila ijulikane na watu wawili wa komite. Bei ya kutengeneza ikipita nusu ya bei ya mashini nyingine iliyo bado na nguvu, sisi tungenunua hiyo nyingine. Fundi alipwe wakati sekretere ameisha kuwasha mashini mara tatu, amefungua orodha, na karatasi ya kupokea kahawa imetoka na tarehe ya siku hiyo.