Kutoka Newala Hadi Kliniki ya Ngozi
Kijitabu kwa vijana, wazazi na watumishi wa afya wa Masasi na Newala

Msimu wa korosho ukishika kasi, kina mama wanaobangua nyumbani hujulikana kwa vidole vyao. Maji ya ganda la korosho ni makali. Yanachoma, yanaacha ngozi nyeusi inayobabuka, na aliyejigusa kabla ya kunawa huvimba hata usoni. Mama huyo akifika zahanati akapewa tyubu ya dawa ya fangasi, wiki ijayo atarudi hali ikiwa ile ile. Aliyesomea ngozi huanza na swali: mama, unafanya kazi gani? Kisha humfundisha kupaka mafuta ya nyonyo au ya nazi mikononi kabla ya kubangua, kuvaa glavu zikipatikana, na kunawa kwa sabuni mapema.

Swali hilo moja linatokana na miaka mingi ya masomo. Kijitabu hiki kinaeleza masomo hayo yako wapi, yanaombwaje, na mtu akiyapata anafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Tunakiandika kwa ajili ya Masasi na Newala kwa sababu tunaamini daktari aliyekulia kwenye mikorosho, kwenye maji ya kugombania na jua la uwandani, ataelewa ngozi za watu wa huku haraka kuliko mgeni.

Na nchi hii imeshawahi kuifundisha dunia. Mwaka 1952 na 1953 homa ngeni ilienea katika uwanda wa Makonde, ikiwemo Newala na Masasi. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakajikunja, na wengi wakatokwa na vipele mwilini. Wenyeji waliiita kwa Kimakonde chikungunya, yaani kile kinachompinda mtu. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yake, na jina la Kimakonde likabaki hadi leo katika vitabu vya tiba kote ulimwenguni. Kazi yote ilianza na kumtazama mgonjwa, kumsikiliza, na kuandika alivyosema.

Njia ya kufika

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, mlango wa kawaida ni Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na sita, kisha shahada ya udaktari kwa miaka 5. Hufuata mwaka 1 wa utarajali hospitalini, halafu usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ubingwa huja baada ya hapo. Aliyesoma stashahada ya utabibu, mathalani pale Mtwara, naye hajafungiwa: akiwa na ufaulu mzuri anaweza kuomba shahada ya udaktari na kuendelea.

Ubingwa wa ngozi nchini unasomewa Moshi na Dar es Salaam. Moshi, ndani ya hospitali ya KCMC, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa serikali na mfuko wa kimataifa wa madaktari wa ngozi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Henning Grossmann. Tangu mwanzo kituo hicho kiliwapokea maofisa tabibu na wauguzi kwa kozi ya miaka 2, kwa hoja iliyo sahihi kabisa: wagonjwa wa ngozi wako vijijini, na vijijini anayewapokea ni tabibu. Wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Baadaye ikaongezwa shahada ya uzamili kwa madaktari, ambayo huchukua miaka 4. Dar es Salaam, ubingwa huu unafundishwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Maombi

Maombi hupelekwa chuoni kwa mtandao, miezi kadhaa kabla ya mwaka wa masomo. Andaa mapema cheti cha shahada na matokeo yote ya masomo, cheti cha kumaliza utarajali, usajili na leseni hai, wasifu wako, na barua za watu wawili watatu waliofanya kazi nawe. Barua hizi huwaponza wengi. Mganga mfawidhi uliyemwomba barua siku mbili kabla ya dirisha kufungwa ataandika mistari minne ambayo ingemfaa mtu yeyote. Mpe mwezi mzima, umkumbushe na wagonjwa mliohangaika nao pamoja.

Mtumishi wa halmashauri lazima aingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na apate ruhusa kwa maandishi kabla ya kuondoka. Anayeondoka kimyakimya hujikuta bila mshahara, na pengine bila kazi. Kuhusu ada, Wizara ya Afya hufadhili watumishi wanaosomea ubingwa, na ufadhili huo hutangazwa na kuombwa kila mwaka. Omba udahili na ufadhili kwa pamoja. Ukisubiri kimoja ndipo uanze kingine, mwaka umekwisha.

Wazazi nao wajue hili: mtoto wenu akisomea Moshi atakuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani, akiwa mtu mzima mwenye familia yake, bado anaitwa mwanafunzi. Msimhesabie kuwa amechelewa.

Ndani ya mafunzo

Asubuhi ni kliniki. Residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, humwona mgonjwa kwanza, kisha humweleza kwa bingwa kwa maneno pasipo kuonyesha picha: doa au uvimbe, lina kingo au limefifia, limekaa upande mmoja au pande zote mbili. Mwenye haraka hupotea hapa. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa kwa picha za ngozi nyeupe, vikisema wekundu ni dalili ya kwanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliozidi, na wakati mwingine huupati kwa macho, unaupata kwa kiganja, kwa joto. Anayejifunzia Moshi au Muhimbili anajifunza juu ya ngozi kama ya mama yake. Kwetu hiyo ni faida kubwa kuliko jengo lolote.

Mchana kuna maabara: kukwangua ngozi kutafuta fangasi, kunyofoa kipande kidogo na kukisoma kwa hadubini, kutafuta vimelea vya ukoma. Kuna wodi, kuna magonjwa ya zinaa, kuna ngozi za wanaoishi na VVU, kuna walioharibiwa uso na krimu za kujichubua. Kuna pia kliniki za watu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi wangali vijana. Pale KCMC hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga, yaitwayo Kilisun. Na kila residenti huandika tasnifu. Tungefurahi kuona moja juu ya mikono ya wabanguaji wa Newala.

Kwa tabibu na muuguzi aliyeko zahanati sasa

Mafunzo unaweza kuyaanza kabla ya barua ya udahili. Mchunguze mgonjwa kwenye mwanga wa mchana, kwa faragha, nguo ikiwa imeondolewa mahali panapohusika. Mtoto mwenye upele unaowasha usiku, uliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Uwandani ambako maji ni ya shida upele huzunguka nyumba nzima, na ukimtibu mtoto peke yake umefanya kazi bure. Wote wapakwe dawa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani.

Ukikuta baka lenye rangi iliyofifia, lisilowasha, chukua kipande cha pamba, ukisokote ncha. Mwonyeshe mgonjwa unachotaka kufanya, kisha umwambie afumbe macho na aguse kila mahali anapohisi. Gusa ngozi isiyo na baka, gusa baka, rudia. Asipohisi ndani ya baka, mpeleke siku hiyo hiyo kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Dawa za ukoma ni bure, hutumika kwa miezi 6 au 12, na akianza mapema vidole vyake vitabaki vizima.