KUSOGEZA SI KUHAMISHA: VITENZI VYA MARIKITI NA ISTILAHI ZA UCHORAJI KWA KOMPYUTA

Utangulizi

Wanafunzi wa istilahi tumezoea kuanza na neno la kigeni, kisha tukalitafutia kisawe kamusini. Makala haya yanafuata njia ya kinyume. Yanachunguza vitenzi vya kubadilisha mahali pa kitu kama vitumikavyo katika soko la Marikiti, Mombasa, na kuvipima iwapo vinaweza kubeba dhana za programu za kuchorea majengo.

Tangu Ivan Sutherland alipoonyesha programu yake ya Sketchpad mwaka 1963, na hasa tangu AutoCAD ilipotolewa mwaka 1982, mchoraji hahitaji tena kufuta mstari na kuuchora upya. Huuchagua na kuupeleka atakapo. Hata hivyo, mchoraji wa Mombasa hufundishwa kazi hii kwa Kiingereza, ilhali fundi atakayejenga kwa kuufuata mchoro huo huelezwa kwa Kiswahili. Kosa la kitenzi baina ya wawili hao huishia ukutani.

Funzo la jina

Jina Marikiti lenyewe lina funzo. Soko hili la Barabara ya Digo, ukingoni mwa Mji wa Kale, lilipewa rasmi jina la Mackinnon. Wenyeji walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya soko, wakautenganisha mwambatano wa konsonanti zake kwa irabu /i/, na kulifunga kwa irabu hiyo hiyo. Neno soko, ambalo nalo lina asili ya Kiarabu, halikufukuzwa: lilibaki nomino ya jumla, na Marikiti likawa jina la mahali. Wazungumzaji waliyagawia maneno mawili kazi mbili bila kuitishiwa kikao.

Vitenzi na dhana zake

(a) Sogeza. Hiki ni kitenzi cha usababishi kinachotokana na sogea. Mchuuzi akimwambia jirani yake, "Hebu sogeza kikapu chako," hatarajii kikapu kitoke sokoni. Anaomba nafasi kidogo, na kipimo chake ni pale kikapu kilipo sasa. Dhana hii imo katika AutoCAD: alama @ mbele ya namba huiamuru programu ihesabu kutoka nukta iliyotangulia, wala si kutoka chanzo cha mchoro. Ikiwa kipimo ni milimita, @200,0 ni kusogeza milimita 200 kuelekea kulia.

(b) Hamisha. Kitenzi hiki hutokana na hama, na ndani yake mna kuacha makao. Hamali akihamisha magunia kwa mkokoteni, mahali pa awali pamekwisha kazi. Kinachotajwa ni mwisho wa safari. Kwa hiyo kinafaa pale kitu kinapopelekwa kwenye nukta iliyotajwa kwa namba kamili, zinazopimwa kutoka chanzo cha mchoro.

(c) Geuza, zungusha na pindua. Kugeuza ni kubadilisha upande kitu kinaotazama. Kupindua ni kuweka juu chini. Kuzungusha ni kukipitisha kitu kandokando ya kitovu. Programu huuliza kitovu na pembe kwa digrii, nayo kwa kawaida huhesabu kinyume cha mishale ya saa. Zungusha ndilo neno lake. Ama amri inayofanya kushoto kuwe kulia kama katika kioo, hakuna kati ya vitenzi hivi kinachoitosha. Akisi inafaa zaidi.

(d) Twika na tua. Mzigo hutwikwa kichwani, kisha ukatuliwa. Amri ya kuhamisha nayo huhitaji nukta mbili: pale kitu kinaposhikwa na pale kinapowekwa. Jozi hii yaweza kuzitaja hatua hizo mbili kwa wepesi kuliko maelezo marefu.

Uzito wa tofauti hii

Je, tofauti hizi ni za wanaisimu tu? Tuchukue mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, wenye miimo, vizingiti na mfaa wake. Kuusogeza sentimita 20 ni kuubakiza katika ukuta ule ule. Kuuhamisha kwaweza kuwa kuupeleka chumba kingine, au hata nyumba nyingine. Milango ya aina hii katika mwambao imewahi kung'olewa na kuuzwa mbali na nyumba zake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huyalinda majengo ya kihistoria yaliyotangazwa rasmi nchini Kenya, lakini sheria haisimami juu ya ngazi pamoja na fundi. Huko juu kuna neno aliloambiwa.

Pingamizi na jibu

Yawezekana kudai kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu husema "hamisha kiti" na "sogeza kiti" bila kubagua. Ni kweli. Lakini istilahi huzaliwa pale neno la kawaida linapowekewa mpaka. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu nzima yaweza kuzungumza Kiswahili. Zaidi ya hayo, vitenzi hivi vinatimiza vigezo vya usahihi, iktisadi na uzalishi: kutokana na sogeza twapata sogezea, sogezeka na sogezwa bila kukopa chochote.

Hitimisho

Makala haya yamependekeza sogeza, hamisha, zungusha, akisi, twika na tua. Mapendekezo haya hayana budi kujaribiwa na wachoraji na mafundi wenyewe kabla ya kupelekwa kwenye vyombo vya usanifishaji. Kwa wanafunzi wenzetu, wito ni huu: kamusi ifunguliwe, lakini baada ya kuwasikiliza wanaobeba mizigo. Wao wamekuwa wakizitofautisha dhana hizi tangu kabla ya kompyuta kufika pwani.