Fasili ya Istilahi za Ufundi: Uteuzi na Unoaji wa Zana Ndogo za Kukerezea

Makala haya yanajadili istilahi za zana ndogo za kukerezea mpingo (Dalbergia melanoxylon), mti ambao vinyago vyake huuzwa Mwenge, wilayani Kinondoni. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya ufundi haifasiliki bila kuzingatia kazi yenyewe.

1. Uteuzi
Kitenzi kereza huzalisha kerezo (mashine), mkerezaji (mtendaji) na ukerezaji (dhana). Zana hutofautishwa kwa umbo la makali: ya patasi yamenyooka, ya bobari yamepinda. Shingo nyembamba ya kete ya sataranji huhitaji bobari ndogo. Kamusi ikizifasili zote mbili kuwa “chombo cha kuchongea mbao”, mwanagenzi hatajua achague ipi.

2. Unoaji
Mpingo ni mzito hata huzama majini, na hufanya makali kuwa butu upesi. Cherehe hurudisha umbo la makali. Kinoo huyalainisha na kuondoa mabaki ya chuma yaliyojikunja ukingoni. Zana nyembamba hupata moto haraka, na feleji ya kawaida ikigeuka buluu imepoteza ugumu wake. Hivyo hugusishwa kwenye cherehe kidogo kidogo na kuchovywa majini mara kwa mara. Kwa hiyo cherehe na kinoo, ingawa vyote ni vya kunolea, si visawe.

3. Hitimisho
Usanifishaji wa istilahi umeendelea tangu BAKITA lilipoundwa mwaka 1967. Hata hivyo, mwanaistilahi anayeunda neno kabla ya kumsikiliza fundi huongeza kisawe, haongezi maana.