SOMO LA VIKUNDI: PICHA ILE YA UKUTANI INASEMA NINI?

Mwezi huu hatuhitaji ubao wala chaki. Kila mtu aje mkutanoni na picha moja kutoka nyumbani: ya harusi, ya ubatizo, ya mzee na ng'ombe wake, hata iliyo kwenye simu. Kaeni wawili wawili, msiharakishe.

Kwanza semeni mnachokiona tu. Halafu mwulizane: nani alipiga? Siku hiyo kulikuwa na nini? Nani hayumo, na kwa nini? Mara nyingi hadithi iko pale pembeni. Kijana amesimama wima na koti na tai, kumbe vyote ni vya kuazima pale studio!

Tazameni na vitu. Katika picha za wazee waliofanya kazi mashamba ya walowezi huku kwetu Bonde la Ufa, pengine mtaona kikopo cha bati kinaning'inia shingoni. Vijana husema ni hirizi. Sivyo, hicho ni kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kutembea nacho. Ndani mlikuwa na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Kama mwajiri hakuandika kwamba amemwachilia, kupata kazi kwingine ilikuwa taabu, na akitoroka alishikwa. Mkiwa na mzee ambaye baba yake alikivaa, mpeni muda azungumze.

Sasa mahali. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikaribia kukauka. Kuanzia 2010 maji yakapanda, yakameza lango kuu la zamani la mbuga, na flamingo wengi wakahamia Bogoria na kwingine. Ripoti ya serikali ya 2021 ilisema maziwa yaliyofurika nchini yamehamisha zaidi ya kaya 75,000. Majirani zetu wa Mwariki na Barut wanajua hayo bila kusoma ripoti.

Basi mama wa huko akileta picha ya mtoto amesimama mlangoni, nyuma yake mpera na ua wa jirani, hiyo si picha ya mtoto peke yake. Inaonyesha boma ambalo leo ni maji. Haichukui nafasi ya hati ya shamba, tusidanganyane. Lakini ikiwa na mwaka, na majirani wawili wa kuthibitisha, mama huyo anapokwenda kwa chifu haendi mikono mitupu.

Kwa hiyo nyuma ya kila picha andikeni polepole kwa penseli laini: majina, mahali, mwaka, na aliyesimulia. Msitundike juu ya jiko la kuni, moshi hula picha. Za simu mtumie na mtu wa pili, kwa maana simu huibiwa.

Neno moja kwa viongozi. Wako wenye picha za nyumba zilizochomwa Januari 2008. Asiyetaka kuonyesha asilazimishwe, na anayetaka asikatizwe. Wala picha isitoke kikundini bila ruhusa ya mwenyewe.

Katibu achague hadithi tatu, aziandike kwa maneno ya wasimulizi wenyewe, azisome mkutano ujao.