Fumbo la Nyani Wawili: Kuisoma Adili na Nduguze pamoja na Vijana wa Bofu

Wanafunzi wengi wa fasihi huipitia Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert kwa haraka. Wakishaona majina, hudhani wamekwisha kuielewa: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Majazi yametaja maadili yote kabla kisa hakijaanza. Makala hii inaupinga usomaji huo. Riwaya hii ni fumbo, na anayelifumbua mapema kwa kutegemea majina hujinyima sehemu iliyo bora.

Hoja hii sikuipata maktabani. Niliipata Bofu, Likoni, nilipokuwa nikiisoma riwaya na vijana wachache wa sekondari wakati wa likizo. Kisa huanza na jambo kavu: kodi imechelewa. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwa liwali wake, Adili. (Si ajabu mwandishi kuanzia hapo, yeye mwenyewe alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944.) Usiku, Ikibali anamwona mwenyeji wake akiwachapa nyani wawili, kisha akilia na kuwalisha. Hapo nilikifunga kitabu makusudi. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu ni Adili gani?"

Swali hilo ndilo mhimili wa riwaya. Jina linasema hivi, kiboko kinasema vingine. Msomaji amewekwa mahali pa Rai: ana ushahidi wa macho ya mjumbe, lakini sababu hana. Mwandishi anaichelewesha sababu hiyo kwa kisengerenyuma kirefu. Adili anasimulia mbele ya mfalme, na ndani ya usimulizi wake Mwelekevu naye anasimulia. Ndipo tunapojua kwamba nyani wale ni nduguze, waliomtosa baharini kwa wivu, na kwamba jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza na kuamuru wachapwe. Amri si ya Adili, lakini mkono ni wake. Vijana waligawanyika. Wengine walisema hakuwa na hiari. Msichana mmoja alishikilia kwamba chozi la mpigaji halimponyi aliyepigwa, nami sikuwa na la kumjibu.

Chini ya fantasia hii imo historia. Kisa kinafanana mno na hadithi ya Abdallah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela u Lela, ambamo mtawala ni Harun Rashid, khalifa wa Baghdad tangu 786 hadi 809. Shaaban Robert alimwondoa khalifa akamweka Rai. Badala ya Baghdad tuna Ughaibu, nchi isiyo kwenye ramani yoyote. Hata hivyo msomaji wa pwani ana ramani yake. Tulipofika Mji wa Mawe, ambao watu wake waligeuka mawe kwa kuabudu sanamu, vijana walitaja papo hapo Jumba la Mtwana kule Mtwapa, na Gede, mji uliojengwa kwa matumbawe na kuhamwa kufikia karne ya 17. Itakuwa kosa kudai kwamba mwandishi aliichora Gede. Lakini aliyewahi kusimama ndani ya magofu yale, mihrabu ikiwa mbele yake na paa halipo, haoni Mji wa Mawe kuwa porojo.

Kuhusu mapenzi nina machache. Mwelekevu anaingia kwa kishindo, mtu pekee mwenye sauti katika mji wa mawe. Akishapanda chomboni anageuka kitu cha kugombewa na ndugu watatu. Penzi lake na Adili limeandikwa kwa heshima nyingi mno, na wapenzi wa riwaya pendwa wana damu zaidi. Anayetaka kumtendea haki Mwelekevu na ausome polepole usimulizi wake mwenyewe, si maelezo ya wengine juu yake.

Kwa wenzangu watakaoifundisha, napendekeza zoezi tulilolifanya Bofu. Simamisha usomaji pale Ikibali anaporejea Janibu, kila mmoja aandike hukumu yake juu ya Adili na kuikunja karatasi. Riwaya ikiisha, karatasi zifunguliwe. Kati ya karatasi zetu saba, tano zilimtia hatiani. Tulipozifungua, watatu walifuta walichokiandika. Wawili walikataa, akiwemo yule msichana, na mjadala ukaendelea hadi adhana ya magharibi.