Kufundisha Picha ya Sura kwa Tarakimu

Wanafunzi wengi wa ualimu hudhani kwamba picha ya kidijitali haiwezi kufundishwa mahali pasipo na kompyuta. Sivyo. Picha ya namna hiyo ni miraba midogo iliyopangwa safu kwa safu, na kila mraba, uitwao pikseli, umepewa tarakimu ya kuonyesha weusi au weupe wake. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa penseli.

Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga. Ilikuwa na miraba 176 kila upande, yaani 30,976 kwa jumla, na kila mraba ulikuwa ama mweusi ama mweupe. Darasani tutaifuata njia hiyo hiyo kwa kiasi kidogo.

Zana

Tutahitaji rula, penseli, karatasi ya miraba, na picha ya uso wa mwanafunzi aliyeridhia, iliyochapishwa kwa upana wa sentimita 16 na urefu wa sentimita 20. Picha hupigwa mistari kila sentimita moja, ikapatikana miraba 320. Ikizidi mno, watoto huchoka kabla ya kufika kidevuni. Ikipungua mno, macho na mdomo hupotea.

Tatizo la mpaka

Tulipolijaribu somo hili kwa mara ya kwanza, tuliwaagiza watoto waandike 0 penye mwanga na 1 penye giza, na mpaka tukauweka katikati ya weupe wa karatasi na weusi wa penseli. Mtoto mmoja mwenye ngozi nyeusi sana alipata 1 katika uso wote. Hapakuwa na jicho wala pua. Wenzake wakacheka, naye akaifunika kazi yake kwa kiganja.

Kosa halikuwa la mtoto huyo, wala la sura yake. Lilikuwa letu, kwani tuliupima uso kwa kipimo cha karatasi. Kila uso una mwanga wake na giza lake. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuwaelekeza watoto watafute kwanza mahali penye mwanga zaidi katika uso wenyewe, kama paji au mgongo wa pua, kisha mahali penye giza zaidi, kama matundu ya pua. Tofauti iliyopo kati ya hapo na hapo igawanywe katika vivuli vinne, kuanzia 0 hadi 3, vichorwe kwenye ukanda wa karatasi. Mtoto atausogeza ukanda huo juu ya kila mraba na kuandika tarakimu ya kivuli kinachofanana nao. Tuliporudia hivyo, macho na midomo ya yule mtoto ilitokea waziwazi.

Kusoma na kuchora

Tarakimu zikiisha kuandikwa, apewe mwanafunzi mwingine ambaye hajaiona picha. Mmoja asome safu kwa safu, mwingine atie vivuli. Akiruka mraba mmoja, safu yote huhama na pua hupinda. Hapo watoto hujifunza uangalifu bila kuhubiriwa.

Mtoto akilalamika kwamba anaona miraba tu, tusimwambie afute. Tuibandike kazi ukutani, naye arudi nyuma hatua kadhaa. Mwaka 1973 Leon Harmon alionyesha sura ya Abraham Lincoln kwa miraba mikubwa, michache. Aliyeitazama kwa karibu aliona miraba, aliyesogea mbali alimtambua Lincoln.

Hitimisho

Tusisahau, basi, kwamba mashine haijui uso wa mtu. Hujua tarakimu tu. Anayeuweka mpaka kati ya weusi na weupe ni mwanadamu. Mwalimu akiuweka bila kuwatazama watoto alio nao, atamfuta mmoja wao mbele ya wenzake. Kabla ya kushika rula, na atazame nyuso zilizo mbele yake.