Mwani Si Dawa ya Goita: Majibu kwa Wasomaji wa Sigino

Shingo yangu imevimba. Nimeambiwa mwani una madini joto. Ninywe vijiko vingapi vya unga wake?

Barua za Sigino, Singe na Bagara zinazouliza hili nazijibu kwa pamoja: hata kimoja, kabla hujapimwa. Ni kweli upungufu wa madini joto huleta goita, yaani kuvimba kwa tezi ya shingo, na sisi wa nyanda za juu tuko hatarini zaidi kwa kuwa mvua huyasomba kwenye udongo. Lakini yakizidi nayo huvuruga tezi hiyo hiyo, na si kila uvimbe wa shingo ni goita. Mwingine ni saratani.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye madini joto inatosha. Ifunikeni vizuri, msiiweke juani, na muitie kwenye mboga ikikaribia kuiva. Kiasi kilichomo kwenye mwani hubadilika kwa aina, maji na uanikaji, na anayewauzia mfuko usio na lebo hajui kilichomo.

Ni kweli mwani una madini 92 kati ya 102 ambayo mwili unahitaji?

Uongo huu umenichosha. Mwili hauhitaji madini 102. Yanayojulikana kuwa ya lazima hayafiki hata 25. Elementi zote zilizogunduliwa ni 118, zikiwemo gesi na sumu. Ili ufikishe 92 lazima uhesabu zebaki, risasi, aseniki na urani. Je, ndivyo unavyotaka kumnywesha mwanao? Mwani hufyonza kilichomo baharini, kizuri na kibaya, hivyo wingi wa majina si sifa ya chakula. Cha kuuliza ni madini gani, kiasi gani, na je, tumbo linayafyonza? Muuzaji anayetaja 92 mwombe ayataje kumi tu, na kazi ya kila moja.

Je, mwani huondoa madoa ya kahawia menoni?

Hapana. Floridi ya maji yetu ya Bonde la Ufa iliyaharibu meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi.

Nina presha, na figo zangu hazifanyi kazi vizuri. Naweza kula?

Usile bila ruhusa ya daktari wako. Ule unga mweupe unaong'aa juu ya mwani mkavu ni chumvichumvi, potasiamu ikiwa nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Potasiamu ikizidi husimamisha moyo.

Basi hauna faida yoyote?

Unayo. Mwani wa Zanzibar, unaolimwa zaidi na akina mama wa vijiji kama Paje na Jambiani tangu 1989, una nyuzinyuzi nyingi zinazolainisha choo. Ute wake, karaginani, ndio viwanda hutumia kuzifanya aiskrimu na dawa ya meno ziwe nzito. Uoshe, uloweke, umwage maji, uukatekate kwenye kachumbari.

Ila protini yake ni kidogo. Mama uliyeandika kwamba mwanao anapungua uzito na unampa uji wa mwani pekee: mpe maharage, dagaa na yai, na kesho asubuhi mpeleke kliniki.